Msimu wa Suruali Zangu

Siku binti yangu alipoomba kuazima suruali yangu, nilidhani anataka kupigia deki. Nikamwambia matambara yako chini ya sinki. Akasema hapana, anataka kuivaa. Nikamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Lazima mjue kwanza uhusiano wa mtoto huyu na suruali zangu. Nyumbani tunamwita Waziri, jina alilopewa na baba yake angali mdogo, kwa sababu alikuwa hodari wa kutoa maagizo na hajawahi kuonekana ameshika ufagio. Alipokuwa mdogo suruali zangu hazikumsumbua. Alikuwa akijificha nyuma ya mguu mmoja na kudai amepotea. Alipofika darasa la tano mtoto mmoja akamuuliza kama nyumbani kwao kuna baba wawili. Tangu siku hiyo nikaagizwa niwe namsubiri kwenye kona, karibu na duka la vyuma, si kwenye geti la shule. Alipoingia sekondari, kona nayo ikaonekana iko karibu mno. Na alipoanza chuo akawa na mwendo maalumu wa kutembea nami barabarani: yeye mbele, mimi nyuma, kama vile tumeangukia njia moja kwa bahati mbaya na kila mtu ana safari yake.

Suruali zenyewe ni hizi. Pana kuanzia kiunoni hadi chini, marinda mawili mbele, kiuno kinapanda juu ya kitovu, mkanda wa ngozi, na mifuko ya kweli inayoingia kiganja kizima. Juu yake shati la mikono mirefu limechomekewa, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nina ya kahawia, ya kijivu na ya bluu nzito. Nilianza kuzivaa nilipoajiriwa studio ya picha nikiwa msichana, maana kazi ile ni ya kupanda stuli, kupiga magoti, na kulalia tumbo kumbembeleza mtoto mchanga asiyetaka kutazama kamera, na sketi ilikuwa inawapa wateja burudani ambayo hawakuja kuitafuta. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya kazi tu. Baadaye, siku moja, nikajiona kwenye kioo cha wateja nikasema, ah, kumbe huyu ndiye mimi. Basi, sikutafuta mwingine. Fundi wangu ni yuleyule mpaka leo, na kipimo ni kilekile isipokuwa cha kiuno, ambacho fundi, kwa adabu zake, hukipima bila kukitaja kwa sauti.

Ukikaa nyuma ya kamera miaka mingi unaona mengi yakipita mbele ya lile pazia jeupe. Niliona mabega ya kujaziwa sponji, wanawake wazima wakiingia mlangoni kwa ubavu. Niliona suruali za kubana ambazo kuzivua kulihitaji msaidizi na kitu cha kushikilia. Zikaja za kuchanika magotini, watu wakawa wananunua nguo mpya zikiwa zimeshaharibika, na mama zao waliotaka kuzishona wakaitwa washamba. Zikaja nyusi za kunyolewa zote kisha kuchorwa upya kwa kalamu, na ni mimi niliyetakiwa kumweleza mteja kwa nini kwenye picha ya pasipoti nyusi moja imeshangaa na nyingine haina habari.

Pale studio tuna kabati la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku wateja wakiwa wachache huwa nalifungua nijiburudishe. Ukishika bahasha yoyote unajua ni ya mwaka gani kabla hujasoma tarehe, maana watu wote waliomo ni mapacha. Na nawakumbuka vizuri. Kila mmoja alikuja akiniambia anataka picha itakayomfanya aonekane tofauti na wengine.

Jirani yetu wa kushoto ni saluni. Mwenyewe tunamwita Mama Mitindo, wala hachukii. Nywele zake hubadilika mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa jengo bado humuuliza anakwenda kwa nani. Miaka yote amekuwa akinitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Mwenzangu, bado uko kwenye hizo?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Bado nina miguu miwili," ndilo lilikuwa jibu langu.

Sasa sijui ni nani, wala alikaa wapi, aliyeamua kwamba mwaka ule watu wote wavae suruali pana zenye marinda. Hakuna aliyenishirikisha. Nilichoona ni Mama Mitindo amesimama mlangoni pangu asubuhi moja, akinipandisha na kunishusha kwa macho.

"Haya! Kumbe na wewe siku hizi unakwenda na wakati!"

"Wakati ndio uliokuja kwangu," nikasema. "Na umechelewa."

Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kuuliza fundi wangu anapatikana wapi.

Ikawa balaa. Wasichana wakawa wanaingia studio si kupiga picha bali kunigeuzageuza. Mmoja aliuliza kama ninaziuza mtandaoni. Mwingine akanisifu kwa kuthubutu. Kuthubutu! Nimezivaa kwenye mikutano ya shule, nimezivaa hospitali, nimezivaa kwenye harusi ya wifi yangu aliyeomba nisimame nyuma kwenye picha, na hakuna aliyewahi kusema nimethubutu. Walisema nimekosa mtu wa kunishauri. Bosi wangu, ambaye aliwahi kunikalisha kitako kunieleza kuhusu taswira ya kampuni, na kampuni yenyewe ni yeye, mimi na taa mbili, moja mbovu, sasa akataka nipigwe picha ibandikwe dirishani. Nikakataa. Akanisifu kwa kujua thamani yangu. Ukishakuwa kwenye mtindo, hata ukaidi wako unaonekana ni akili.

Nilikasirika, sitaficha. Mtu unaweza kudhani ningefurahi, ningetembea kifua mbele nikiwaambia si niliwaambia. Lakini ukichekwa miaka mingi kwa jambo lako, halafu waliokucheka wakalivaa na kujiona wamelivumbua, hupati furaha, unapata kiungulia. Nikaona heri nihame. Nikachukua sketi moja aliyoisahau dada yangu, nikaivaa siku nzima. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mtu asiyesema mpaka kitu kigande. Akaniangalia asubuhi ile nikijipapasa mapajani kutafuta mfuko wa kuwekea funguo.

"Umeudhika na nani?" akauliza.

"Na watu wote."

"Basi wavue wao," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nikarudi kwenye suruali zangu siku iliyofuata. Na ni wiki ileile Waziri alipokuja na ombi lake, nami nikamgusa paji la uso.

Alichukua ya kahawia. Akaibana kiunoni kwa mkanda wangu, akajigeuza mbele ya kioo cha koridoni, mbele, nyuma, ubavuni. "Mama," akasema, "hizi ni balaa." Kwa miaka mingi sikuwa nimesikia sauti ile ikielekezwa kwangu. Nikaenda jikoni nikajitia nina kazi.

Jumamosi hiyo tukatoka pamoja kwenda sokoni kununua pazia la chumba chake. Tulipokaribia duka la vyuma nikapunguza mwendo, kama kawaida, nimpe nafasi ya kutangulia. Akapunguza na yeye. Nikasimama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Akasimama. Nilipoinuka akapitisha mkono wake ndani ya wangu, tukaenda hivyo hadi sokoni, suruali mbili pana zinapepea, watu wanageuka.

Mimi si mtoto. Nilijua kilichoshikwa pale si mkono, ni suruali. Lakini mkono wenyewe ulikuwa wa moto, ulikuwa wa mwanangu, na nilikuwa sijaushika barabarani tangu darasa la tano. Ningefanya nini, niuulize umetumwa na nani?

Ikawa ndiyo desturi yetu, Jumamosi kwa Jumamosi. Tukikutana na wenzake wa chuo walikuwa wakinizunguka, wanagusa kitambaa, wanapiga picha za miguu yetu. Miguu tu, vichwa havikuwa kwenye mtindo. Waziri alikuwa akisema, "Zote zimetoka kwenye kabati lake," akinionyesha kwa kidevu, kisha tunaaga na kuondoka. Nilikuwa narudi nyumbani naimba. Mume wangu aliniambia nipunguze, majirani wana wagonjwa.

Jioni moja Waziri akaja na habari. Chuoni kwao wanasomea kazi za maabara, na wanaoingia mwaka wa mwisho huvalishwa koti jeupe mbele ya ukumbi uliojaa watu. Kila mwanafunzi anapanda jukwaani na mtu wake mmoja, na mtu huyo ndiye anayemvalisha.

"Nataka uje wewe," akasema. Alikuwa amefungua jokofu, mgongo kanipa.

"Na baba yako?"

"Baba atakaa na wageni. Wewe ndiye utanivalisha." Akalifunga jokofu bila kutoa kitu. "Uvae ile ya kijivu."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikwenda bafuni nikafungulia maji yatiririke, nisisikike.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Mimi, niliyecheka mitindo maisha yangu yote, nikaanza kuuombea mmoja wao maisha marefu. Sherehe ilikuwa bado miezi kadhaa, na kutokana na lile kabati la studio nilijua vizuri kwamba mtindo unaoza upesi kuliko nyanya. Nikawa nachungulia simu usiku kuona huko wanakoamulia wameamua nini. Nikimwona mtangazaji wa televisheni amevaa pana, nalala fofofo. Nikimwona amevaa ya kubana, mume wangu hapati usingizi.

"Kwani huyu mtangazaji ni ndugu yetu?" aliniuliza mara moja.

"Wewe lala tu," nikamwambia, huku nikimmulika machoni kwa taa ya simu.

Msichana wa kwanza mwenye suruali ya kubana aliingia studio akitaka picha ya kitambulisho. Chini kabanwa mpaka magoti yanaomba radhi, juu kavaa kiblauzi cha kitoto. Nikamuuliza kwa upole kama hajasikia kuwa hizo zimepitwa.

"Zimerudi, mama," akasema. "Hizo pana ndizo zinazoondoka."

Nilimpiga picha nne. Zote macho kafumba. Nikamwambia ndivyo alivyo. Bosi ikabidi amwombe samahani, ampige upya yeye mwenyewe, na mimi nikashauriwa nikapumzike kidogo chumba cha nyuma. Niliona haya, lakini si sana.

Hazikupita wiki nyingi, Mama Mitindo akatokea mlangoni kabanwa kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo, anatembea kwa hatua za mtu aliyefungwa kamba. Ile huruma yake ya zamani ilikuwa imemrudia usoni, nzima kabisa.

"Mwenzangu," akasema, "bado uko kwenye hizo?"

Na jioni ileile, nilipofika nyumbani, nikakuta suruali zangu mbili, ile ya kahawia na ya bluu aliyoiazima baadaye, ziko kitandani. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, marinda yamenyooka kuliko ninavyoyanyoosha mimi. Waziri hajawahi kupiga pasi nguo ya mtu mwingine tangu azaliwe. Akapita koridoni akasema, "Asante mama, nimezirudisha," kwa adabu, kama mtu aliyerudisha sufuria ya jirani. Jumamosi iliyofuata alikuwa na kazi nyingi za chuo. Na iliyofuata hiyo pia.

Kuhusu koti jeupe hakusema kitu. Hakusema nije, hakusema nisije. Mimi nami sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Nilimuuliza mume wangu.

"Si alikualika?"

"Aliialika suruali."

"Basi ipeleke," akasema. "Na wewe uwe ndani yake."

Sikucheka. Niliona anachukulia mambo kimasihara, kwa kuwa yeye hajawahi kusubirishwa kwenye kona. Nikafanya uamuzi wangu mwenyewe. Nikaenda dukani.

Naam, mimi. Nilikwenda kwenye duka moja lenye muziki wa kuvunja meno na vioo vya kumrefusha mtu, nikamwambia muuzaji nataka suruali ya kubana, ya kisasa. Akaniuliza ni zawadi ya nani. Nikasema ni yangu. Dada wa watu akajikaza, akaniletea kitu ambacho nilidhani ni mkono wa fulana.

"Inavutika," akanihakikishia.

Ilivutika kweli, ila anayevutwa ni mimi. Kwenye chumba cha kujaribia nilipigana nayo nimeegemea ukuta, mguu mmoja hewani, mpaka muuzaji akauliza kutoka nje, "Mama, uko salama?" Nikasema niko salama. Nikanunua, pamoja na kiblauzi kilichoishia pale tumbo linapoanzia. Nilipofika nyumbani nikavificha chini ya mashuka, kana kwamba nimeviiba.

Asubuhi ya sherehe nikajikaza kisabuni, nikavaa. Nilipotoka chumbani mume wangu aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama jokofu ambalo mwenyewe amejaribu kulitengeneza kwanza kabla ya kumletea.

"Nani amekufanyia hivi?" akauliza.

Kabla sijamjibu Waziri akatoka chumbani kwake. Alikuwa amependeza, suruali nyeusi ya kubana, blauzi nyeupe, nywele amezikusanya kisogoni. Akasimama. Akaniona. Na usoni mwake nikaona ahueni. Haikuwa furaha, ilikuwa ahueni, ile ya mtu aliyebeba mzigo tangu mbali halafu akatokea wa kumpokea.

"Mama, umependeza," akasema, kwa sauti ileile anayomsifia Mama Mitindo.

Neno zuri lile liliniuma kuliko kona zote alizowahi kunisimamisha. Kwenye kona nilikuwa nasubirishwa, lakini aliyekuwa anasubirishwa ni mimi. Hapa mwanangu alikuwa amepata ahueni kwamba sipo. Nikasema asante. Nikageuka, nikarudi chumbani.

Kuivaa ile suruali kulihitaji moyo. Kuivua kulihitaji mume. Mimi nimeshika kitanda, yeye kashika miguu, anavuta na kuhema. "Nimeshatoa mota za majokofu ya bucha," akasema, "kwa taabu ndogo kuliko hii." Ilipotoka alirudi nyuma nayo mpaka kabatini. Nikavaa ile ya kijivu, shati jeupe, mkanda. Nikavuta pumzi, ikaingia yote.

Waziri alikuwa amesimama karibu na mlango wa mbele, begi mkononi. Aliponiona ile ahueni ilimtoka usoni mara moja, na sikumlaumu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Hivi ndivyo nilivyo. Nilikuwa hivi kabla haijawa mtindo, na leo imeachwa na mtindo niko hivi bado. Nikija, nakuja hivi. Ukitaka baba yako ndiye akuvalishe, sema tu. Sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna, lakini nitanunia hapahapa nyumbani."

Hakucheka. Alitazama suruali, kisha saa ya ukutani, kisha baba yake, ambaye ghafla aliona umuhimu mkubwa wa kusafisha miwani. Nilitaka sana aseme nije, na nilitaka aseme hivyo kwangu mimi, si kwa yule mwanamke wa muda mfupi uliopita aliyetoka na kiblauzi.

"Tutachelewa," akasema mwishowe. "Twendeni."

Njiani hakunishika mkono. Hakutangulia pia. Alitembea ubavuni pangu, macho mbele, na kila tulipopishana na watu alilihamisha begi kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Sikuwa nimewahi kuona miguu mingi iliyobanwa kwa mkupuo mmoja. Mama za watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kwa uangalifu wote wa mtu asiyeuamini mshono wake. Mume wangu akaenda kutafuta nafasi. Sisi wawili tukaingia kwenye foleni iliyokuwa kando ya jukwaa. Ukifika kwenye ngazi, mwalimu mmoja wa kike mwenye kipaza sauti anamuuliza mwanafunzi anavalishwa na nani, kisha anatangaza: anavalishwa na baba yake, anavalishwa na kaka yake, anavalishwa na bibi yake mzaa mama. Watu wanapiga makofi.

Mbele yetu alikuwepo msichana ambaye nilishamwona kule sokoni, mmoja wa wale waliogusa suruali zangu mpaka nikadhani wananipima. Akageuka, akaniona, uso ukamchangamka.

"Shikamoo shangazi!" akasema. Halafu akamgeukia Waziri. "Kumbe leo umekuja na shangazi. Mama hakupata ruhusa kazini?"

Nikamtazama Waziri. Waziri akatazama viatu vyake.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Jumamosi zile zote alikuwa akiwaambia zimetoka kwenye kabati lake. Lake nani, sikuwahi kujiuliza. Pengine aliwaambia mimi ni shangazi siku ile ya kwanza nilipomsindikiza chuoni nikiwa nimebeba sanduku la vitabu vyake kichwani, mbele ya wageni ambao hakuwa amezoeana nao bado. Na uongo ukishakaa ukazoeleka, unautoaje? Kwa hiyo hata mkono wake ulipokuwa ndani ya mkono wangu, hata suruali zangu zilipokuwa zinapigwa picha kila upande, mimi nilikuwa shangazi. Nikaingiza mikono mifukoni, nikaikunja ngumi. Hakuna aliyeona, na hiyo ndiyo faida ya suruali pana.

"Marahaba," nikamwambia yule msichana, maana adabu ni adabu.

Foleni ikasogea. Msichana akapanda na baba yake, akavalishwa, akabaki palepale jukwaani na waliomtangulia. Ikawa zamu yetu. Mwalimu akamsogezea Waziri kipaza sauti.

"Unavalishwa na nani?"

Waziri alifungua mdomo, pasitoke kitu. Wenzake waliomtangulia walikuwa pale juu wamejipanga, wote wakijua mimi ni nani, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaambia. Na mimi, ambaye asubuhi ile nilikataa kubadili hata suruali kwa ajili yake, nikaona kwamba jina la mama ninaweza kumwachia. Nguo nisingeweza, nilijaribu na nilijiona. Lakini nimekuwa mama yake miaka yote bila kutangazwa, dakika chache nyingine zisingeniua. Nikainama kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni shanga..."

"Mama!" akasema Waziri, kwa nguvu mno, mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi na ukumbi mzima ukaziba masikio. "Ni mama yangu. Mama yangu mzazi." Akainua uso kuwatazama wenzake pale juu. "Niliwadanganya."

Mwalimu, ambaye hakuwa ameomba maelezo yote hayo, akatangaza kwamba anavalishwa na mama yake mzazi. Makofi yakapigwa. Nikasikia na vicheko viwili vitatu, na mtu safu ya mbele akinong'ona kuhusu suruali. Waziri naye alivisikia. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akapanda ngazi pamoja nami hivyohivyo.

Nikachukua koti mezani. Akanigeuzia mgongo, akasubiri. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu kutwa nzima wanyooshe mabega na watulie, nilikuwa silioni hata hilo koti kwa machozi, mkono wa kulia nauelekeza kushoto, ukosi uko chini, na nyuma yetu foleni inakohoa. Waziri akarudisha mkono wake nyuma, akapapasa mpaka akaupata wangu.

"Polepole, mama," akasema. "Hatuna haraka."